Ufuo Mmoja, Majibu Mawili: Kisa cha Bakteria wa Ghuba ya Winam

Kisa hiki kinatoka katika ufuo mmoja wa Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu. Jina la ufuo, majina ya maabara zilizohusika na habari zozote zinazoweza kumtambulisha mtu zimeondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi ya maji, maafisa wa afya ya umma na kamati za usimamizi wa fuo, yaani BMU, ambazo mara nyingi hukabidhiwa karatasi ya matokeo bila kuelezwa chupa ilijaziwa wapi.

Usuli

Ghuba ya Winam ni mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu hadi Kisumu, na huungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Ziwa zima lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800 na kina chake hufikia karibu mita 80, lakini ghuba ina kina kifupi, na ukikaribia Kisumu kina hicho huwa mita chache tu. Jambo hili lina uzito mkubwa katika kisa hiki, kwa sababu palipo na kina kifupi hata upepo wa kila siku hufika chini na kuvuruga tope. Mito ya Nyando na Sondu-Miriu huleta udongo na mbolea kutoka mashambani, na Mto Kisat hupita mjini Kisumu kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Fosforasi na nitrojeni zinazoletwa hivyo hukaa ghubani muda mrefu, kwa kuwa maji ya humo hubadilishana polepole na yale ya ziwa kuu.

Ufuo wenyewe una gati fupi la mbao. Upande mmoja kijito huingia ziwani baada ya kupita katikati ya nyumba zisizo na mfumo wa maji taka, na upande wa pili magugumaji hujikusanya, yakija na kuondoka kwa kufuata upepo. Mbali kidogo na ufuo kuna vizimba vya kufugia ngege. Akina mama huanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, na maji ya kuoshea vyombo, ya kupikia na mara nyingi ya kunywa hutoka ziwani, hasa siku ambazo bomba la kijiji limekauka.

Kilichotokea

Baada ya mvua za masika, watoto kadhaa wa ufuo walipatwa na ugonjwa wa kuhara. Kipindupindu hakikuthibitishwa, lakini kila mkazi wa ghuba anakumbuka miaka ambayo kilithibitishwa, na hofu ilitanda haraka. Kamati ya ufuo iliomba maji yapimwe, na kwa sababu ya kutosubiriana, maombi mawili yakaenda kwa maabara mbili tofauti. Zote mbili zilipima katika wiki moja.

Maabara ya kwanza ilipata bakteria wachache sana wa aina ya Escherichia coli, ambao uwepo wao huashiria kinyesi, na ikaeleza kuwa hali ya maji ni ya wastani, ila yatibiwe kabla ya kunywewa. Maabara ya pili ilipata bakteria hao kwa wingi kiasi kwamba ilipendekeza watu wazuiwe kabisa kuchota maji hapo. Kwa maji ya kunywa, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba E. coli asionekane hata mmoja katika mililita 100, kwa hiyo kwa kipimo hicho maji yote mawili yalikuwa yameshindwa. Lakini tofauti kati ya kushindwa kidogo na kushindwa vibaya ndiyo iliyozua ugomvi. Wavuvi walioamini karatasi ya kwanza waliona kuwa kuna njama ya kufunga ufuo, na wazazi walioamini ya pili waliona kuwa wanafichwa jambo. Kila upande ulianza kusema kwamba maabara ya upande wa pili haijui kazi.

Afisa wa afya wa eneo hilo, badala ya kuomba kipimo cha tatu, aliwaita wapimaji wote wawili na mtaalamu wa mikrobiolojia kutoka chuo kikuu, wakaketi pamoja na kamati. Mkutano ulikwenda kwa muda bila kufika popote hadi katibu wa BMU, ambaye huandika katika daftari saa ya kila boti kufika na kuondoka, alipouliza swali ambalo ripoti zote mbili hazikuwa na jibu lake: "Mlichota saa ngapi, na chupa mliizamisha wapi?"

Daftari lilionyesha kwamba timu ya kwanza ilikodi boti saa moja na nusu asubuhi, ikavuka magugumaji na kuchota maji ya juu kwenye eneo la wazi. Timu ya pili haikukodi boti. Ilifika alasiri, ikasimama ukingoni karibu na mdomo wa kijito, ikachota maji yaliyofika magotini. Kwa hiyo majibu yote mawili yalikuwa ya kweli. Ziwa moja lilikuwa limepimwa katika makazi mawili tofauti ya bakteria, kwa saa mbili tofauti za siku, kisha yakalinganishwa kana kwamba yametoka mahali pamoja.

Maamuzi ya timu ya pamoja na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ulio bora kuliko yote, ulikuwa kukataa kuchanganya sampuli. Kulikuwa na pendekezo la kuchota kidogo kidogo kila mahali na kumimina katika ndoo moja ili kupata wastani wa ufuo. Njia hiyo hupunguza gharama, lakini wastani wa tope na maji ya wazi hauelezi tope wala maji, na hakuna mtu anayekunywa wastani. Timu ilikubaliana kupima makazi manne kila moja peke yake: maji ya wazi, mizizi ya magugumaji, tope la chini na utando unaoteleza juu ya nyavu za vizimba. Kila makazi yangetoa sampuli tatu zisizochanganywa, ili tofauti ya makazi na makazi isije ikachukuliwa kuwa tofauti ya chupa na chupa.

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio wa uchotaji. Walianza na maji ya wazi na kumalizia na tope, kwa sababu anayeanza na tope hulitimua na kulibeba hadi kila anapokwenda baadaye. Waliamua pia kurudia maji yale yale mara mbili kwa siku moja: alfajiri ziwa likiwa limetulia, na saa tisa alasiri baada ya upepo wa ziwani kuvuma kuelekea nchi kavu. Uamuzi huu ulitokana moja kwa moja na swali la katibu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutumia njia mbili za upimaji. Ya kwanza ilikuwa ile ya zamani ya kuchuja mililita 100 za maji, kuweka kichujio juu ya chakula cha bakteria na kukiacha katika joto la nyuzi 44 hadi siku inayofuata, kisha kuhesabu madoa ya E. coli yaliyoota. Ya pili ilikuwa kusoma jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na ambayo ina urefu wa karibu herufi 1,500 za DNA. Maji hupitishwa katika kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22, DNA hutolewa katika mabaki, na herufi za jeni hiyo hutaja makundi yaliyokuwamo. Njia ya kwanza huonyesha walio hai lakini huwaona wachache tu, kwa kuwa bakteria wengi wa ziwani hawakubali kuota katika sahani ya maabara. Njia ya pili huwaona karibu wote, ila haitofautishi aliye hai na aliyekufa.

Mwishowe, chupa moja ya maji yaliyotakaswa ilibebwa katika boti, ikafunguliwa na kufungwa pamoja na nyingine, kisha ikapitia kila hatua ya maabara. Chochote kilichosomwa ndani yake kingekuwa kimetoka mikononi mwa watu au katika kemikali zenyewe. Wanafunzi wengi huiona chupa hii kuwa upotevu wa fedha. Katika kisa hiki ilisomwa na kutoa bakteria wa ngozi ya binadamu, na bila yake bakteria hao wangeandikwa kuwa wakazi wa nyavu za vizimba.

Walichokuta katika kila makazi

*Maji ya wazi.* Mililita moja ya maji ya ziwa kwa kawaida hubeba bakteria wapatao milioni moja, na walio wengi ni wadogo mno wanaoelea peke yao. Hapa makundi mawili yalitawala. La kwanza ni aktinobakteria wa maji baridi, viumbe vidogo vilivyozoea chakula haba na vinavyopatikana katika maziwa ya mabara mengi. La pili ni sayanobakteria, hasa Microcystis na Dolichospermum, ambao hutumia mwanga wa jua kama mimea. E. coli asubuhi walikuwa wachache sana, sawasawa na maabara ya kwanza ilivyosema.

Lakini Microcystis wana vifuko vya gesi ndani ya seli, na ziwa likitulia usiku hupanda juu na kutandaza utando wa kijani unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika. Baadhi yao hutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Shirika la Afya Duniani liliweka mikrogramu 1 kwa lita kuwa mpaka wa aina iliyo maarufu zaidi ya sumu hiyo katika maji ya kunywa. Kipimo cha sumu kiliikuta katika utando wa asubuhi, na kidogo tu katika maji ya chini ya utando huo. Kuchemsha maji huua E. coli, lakini hakuiondoi mikrosistini, na seli zinapopasuka kwa moto huachilia sumu iliyokuwa ndani yake. Kwa hiyo maji yaliyosifiwa kuwa afadhali yalikuwa na hatari yake yenyewe, ambayo kipimo cha E. coli hakiwezi kuiona.

*Mizizi ya magugumaji.* Mmea huu wa asili ya Amerika Kusini ulijitokeza katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mizizi yake mirefu huning'inia majini kama manyoya, hukamata udongo laini na huvujisha oksijeni kidogo. Hapo ndipo palipokuwa na aina nyingi zaidi za bakteria kuliko katika maji yaliyokuwa sentimita chache kando. Kulikuwa na wanaobadili amonia kuwa nitriti na nitrati, wanaokula methani inayopanda kutoka topeni, na wanaonasa nitrojeni ya hewani. Walikuwamo pia E. coli hai, waliofichwa na kivuli cha majani, kwa kuwa jua la mchana ni muuaji wao mkubwa katika maji ya wazi.

*Tope la chini.* Makazi haya yalikuwa na bakteria wengi kuliko yote, kwani gramu moja ya tope la ziwa inaweza kubeba mabilioni. Safu ya juu kabisa ilikuwa na oksijeni kidogo, na chini yake hapakuwa na oksijeni kabisa. Ziwa Victoria lina salfati kidogo, hivyo kazi kubwa ya kumalizia mabaki ya viumbe hufanywa na arkea, viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria, wanaotoa gesi ya methani, na mtu akichoma tope la ukingoni kwa mti huona mapovu yakipanda. Chini ya vizimba, ambako chakula cha samaki na kinyesi chao hujilimbikiza, tope lilikuwa jeusi na lenye harufu ya yai bovu, dalili ya bakteria wanaogeuza salfati kuwa hidrojeni salfaidi.

Jibu la ugomvi lilikuwa katika tope la karibu na kijito. Safu yake ya juu ilikuwa imejaa E. coli hai, wakati maji yaliyoifunika alfajiri yalikuwa nao wachache. Topeni bakteria hawa hukingwa na jua, hupata chakula, na huponyoka kwa kiasi fulani viumbe vya seli moja vinavyowala majini. Saa tisa alasiri, upepo ulipokuwa umepiga mawimbi juu ya kina kile kifupi, maji yale yale yaligeuka rangi na hesabu ya E. coli ikapanda hadi kufanana na ile ya maabara ya pili. Hakuna mtu aliyekuwa amemwaga kitu kipya kati ya asubuhi na alasiri.

*Nyavu za vizimba.* Utando wake ulikuwa mchanganyiko wa sayanobakteria wanaoshikamana na bakteria wanaokula mabaki ya chakula cha samaki. Haukuwa na uzito katika swali la kuhara, na timu haikuufuatilia zaidi.

Hatua zilizochukuliwa na matokeo yake

Ushauri rahisi ungekuwa kuwaambia watu wachote mbali na ukingo asubuhi. Timu iliukataa, kwa sababu asubuhi tulivu ndiyo saa ya utando wa kijani. Ilichagua ncha ya gati, ambako kina kilikuwa kikubwa zaidi na kijito kilikuwa mbali, na kuchota kabla ya upepo kuanza, kwa ndoo yenye kifuniko na uzito, inayofunguliwa ikiwa chini ya uso wa maji. Siku ambayo utando umefika kwenye gati, maji ya hapo yasinywewe. Maji yachujwe kwanza kwa leso iliyokunjwa mara kadhaa, ndipo yatiwe klorini, ili makundi makubwa ya Microcystis yaondolewe yakiwa mazima kabla dawa haijayapasua. Uchujaji kwa kitambaa una ushahidi wake kwingine: utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa kulipunguza visa vya kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vinavyoelea majini, na hao kitambaa huwakamata.

Familia zilizokuwa karibu na gati zilifuata ushauri huo, na manung'uniko juu ya maabara yakaisha. Wachuuzi wa maji hawakuweza kuufuata. Punda hawapandi gati, hivyo waliendelea kuwaingiza majini karibu na kijito, na kwato za punda hutimua tope hata alfajiri ambapo hakuna upepo. Sehemu kubwa ya maji yaliyouzwa katika nyumba za juu iliendelea kutoka mahali pabaya zaidi. Kamati ilianza kutafuta fedha za bomba fupi na pampu ya mkono kutoka ncha ya gati hadi barabarani, na hadi kisa hiki kinaandikwa fedha hizo hazijatimia.

Uchambuzi

Lililofaulu kuliko yote ni kutenganisha makazi, na baada yake kurudia upimaji ndani ya siku moja. Bila safari ya alasiri timu ingejua kuwa tope lina E. coli, lakini isingejua jinsi wanavyofika katika mtungi. Hapa pia panahitaji tahadhari katika kusoma matokeo. Katika nchi za joto E. coli anaweza kuishi muda mrefu topeni, na hata kuzaliana humo, kwa hiyo wingi wake alasiri hauthibitishi kwamba kinyesi kipya kimeingia siku hiyo. Unathibitisha kwamba kilichotua chini kinarudi juu, na kwa mama anayejaza mtungi hilo linatosha kubadili saa na mahali pa kuchota.

Kazi ya DNA ilikuwa na faida na kasoro. Iliwaonyesha Microcystis katika maji yaliyodhaniwa kuwa salama, na hilo peke yake lililipa gharama. Lakini sampuli za tope mara ya kwanza hazikutoa chochote. Tope la ziwa lina asidi za humiki, ambazo huzuia kimeng'enya cha PCR, yaani mbinu ya kunakili DNA mara nyingi ili isomeke, kufanya kazi, na mtaalamu wa maabara alidhani kwamba DNA haikutoka. Walipozimua mara kumi, jeni zilisomeka. Mwanafunzi anayepima tope na maji katika mradi mmoja na ajaribu kuzimua kabla ya kutamka kwamba sampuli ni tupu, kwa sababu kosa hili humfanya mtu aandike kwamba makazi yenye bakteria wengi kuliko yote ndiyo maskini kuliko yote. Tena, tope huhifadhi DNA ya waliokwisha kufa, hivyo orodha yake ni ya wakazi wa leo pamoja na wa zamani.

Jambo lililowasumbua wanakamati ni asilimia. Ripoti ya kwanza ya timu ya pamoja ilibandika jedwali la makundi ya bakteria kwa asilimia, na wasomaji wakaichukulia asilimia kubwa kuwa hatari kubwa. Asilimia za 16S ni mgawo wa jeni zilizosomwa, si hesabu ya bakteria, na zinapindishwa na ukweli kwamba bakteria mmoja ana nakala moja ya jeni hiyo na mwingine, kama E. coli, ana nakala saba. Sehemu fupi ya 16S ambayo upimaji mwingi husoma haitofautishi pia Vibrio cholerae anayeleta kipindupindu na ndugu yake asiyekileta, kwa hiyo mtu aliyeona neno Vibrio katika jedwali hakuwa na haki ya kutangaza mlipuko, ingawa mmoja alikaribia kufanya hivyo.

Magugumaji yalileta ugumu ambao mpango wa awali haukuufikiria. Makazi mengine yote yalikuwa na mahali pake pa kudumu, lakini mkusanyiko wa mizizi uliopimwa alfajiri ulikuwa umesukumwa na upepo kufikia alasiri, na uliokuwapo mahali pake ulikuwa umetoka ufuo mwingine. Safari ya pili ya mizizi haikuwa marudio ya ile ya kwanza, na timu ilifanya vema kutolinganisha hizo mbili. Dawa yake ni kufunga kamba yenye boya kwenye mkusanyiko unaopimwa, au kuandika wazi kwamba sampuli ni ya mkusanyiko fulani na wala si ya eneo.

Kuna pia jaribu la kuazima orodha za bakteria kutoka ziwa jingine. Mmoja wa wanafunzi alitaka kulinganisha matokeo na yale ya Ziwa Nakuru kwa kuwa yalikuwa rahisi kupatikana. Nakuru ni ziwa la magadi ambalo ukali wa alkali yake huwa karibu na pH 10, na sayanobakteria wake maarufu ni Arthrospira, chakula cha heroe wadogo. Orodha yake haiwezi kuwa kipimo cha ghuba ya maji baridi. Hata ndani ya Winam, tope la chini ya vizimba lilitofautiana na tope la kijito kuliko nilivyotarajia kwa sehemu zinazoonana kwa macho.

Fomu ya kupokelea sampuli ya maabara zote mbili ilikuwa na nafasi ya jina la ufuo na tarehe peke yake. Baada ya kisa hiki maabara moja iliongeza saa, kina, umbali kutoka ukingoni, hali ya upepo, na kama chupa ilijazwa katika maji ya wazi, kando ya mimea au juu ya tope lililotimuliwa. Maabara ya pili bado inatumia fomu ile ya zamani, na katibu wa BMU huandika habari hizo kwa kalamu nyuma ya karatasi kila wanapokuja.